Mwalimu Afundishwe Kabla ya Chombo Kuletwa



Hapana tajiri wa kiwanda ajuaye kazi yake ambaye hununua mashine mpya, akaiweka mbele ya mfanya kazi, kisha akaenda zake. Mwendesha winchi wa bandari ya Kilindini hufundishwa kwanza. Akiambiwa aiendeshe bila kufundishwa atakataa, na chama chake kitasimama nyuma yake, kwa maana mzigo ukianguka utaua watu.

Lakini katika shule zetu jambo hilo hilo lafanyika, na hapana apigaye kelele. Boksi laletwa, mwalimu mkuu atia sahihi, picha yapigwa, gari larudi lilikotoka. Ndani ya boksi mna mashine ya kuandikia Breli, au kompyuta isomayo kwa sauti, au chombo cha kumsaidia mtoto asiyesikia vizuri. Mwalimu aambiwa, "Haya, mtoto wako ameletewa." Hapana aliyemwonyesha jinsi ya kukifungua chombo, wala jinsi ya kukitia katika somo la hesabu, wala pa kukipeleka kikiharibika. Boksi larudishwa stoo na kufungiwa. Mtoto aendelea kukaa nyuma ya darasa akisikiliza sauti asizozielewa.

Hapa hauanguki mzigo wa tani kumi. Lililoanguka ni maisha ya mtoto, nayo huanguka kimya kimya. Ndiyo sababu twaliandika jambo hili leo, na twaliandika kama jambo la kazi na haki, wala si jambo la sadaka.

VYOMBO HIVI NI VIPI?

Tunaposema vyombo vya kusaidia tusidhani ni mashine za ajabu tu. Miwani ni chombo cha kusaidia, na fimbo nyeupe pia, na kiti cha magurudumu. Kalamu iliyozungushiwa kipande cha mpira wa baiskeli, ili mtoto mwenye vidole visivyo na nguvu aweze kuishika, ni chombo cha kusaidia, na gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya matatu. Ubao wa kadibodi wenye picha za maji, chakula, choo na maumivu, ambao mtoto asiyeweza kusema huuonyesha kwa kidole, ni chombo pia. Halafu viko vile vya umeme na kompyuta.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walitoa taarifa kwamba watu zaidi ya milioni 2,500 duniani wanahitaji angalau chombo kimoja cha namna hii, na karibu milioni 1,000 kati yao hawakipati. Hapa kwetu Kenya, hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha watu zaidi ya 900,000 wa umri wa miaka mitano na kuendelea walio na ulemavu, yaani 2.2 kwa kila mia. Hawa si wageni. Baba yao huchuma majani chai Kericho, mama yao hutandika vitanda vya hoteli Mombasa, na ada ya chama hukatwa katika mishahara ya wazazi hao kama ikatwavyo katika yako.

CHOMBO PEKE YAKE HAKIFUNDISHI

Wako watu wadhanio kwamba chombo kikifika kazi imekwisha. Jembe halilimi peke yake. Na tutazame mifano, kila mmoja kwa nafasi yake.

Mtoto apewa chombo cha masikio. Watu hudhani sasa atasikia kama wewe na mimi. Sivyo. Chombo kile hukuza sauti zote pamoja: sauti ya mwalimu, na ya madawati yakikwaruza sakafu, na ya mvua juu ya mabati. Mwalimu aliyefundishwa humkalisha mtoto karibu, humtazama uso kwa uso asemapo, hafundishi huku ameelekea ubaoni, na kila asubuhi huangalia kama betri ingali na nguvu. Tena hujua kwamba kile kipande kiingiacho sikioni huchongwa kwa kipimo cha sikio la mtoto, na mtoto akikua hakimfai tena, ni lazima kichongwe kingine. Mwalimu ambaye hakufundishwa huona mtoto amekivua na kukitia mfukoni, akasema, "Mtoto huyu ni mkaidi." Kumbe chombo kinamuumiza.

Mtoto asiyeona apewa mashine ya Breli. Herufi hizi za nukta sita zilitungwa na Mfaransa Louis Braille, ambaye mwenyewe alikuwa kipofu, na kitabu chake cha kwanza juu yake kilitoka 1829. Mashine ya Perkins, inayotumika sana katika shule zetu, ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1951. Ni mashine ngumu, hudumu miaka mingi, lakini vumbi likiingia vifungo hukwama, nayo hutaka fundi wa kuisafisha. Hata ikiwa nzima, kama mwalimu hajui Breli, mtoto ataandika insha nzuri na kuikabidhi, na mwalimu ataitazama ile karatasi kama mtu atazamavyo ukuta. Atairudisha bila alama. Mtoto yule amefanya kazi, na hapana aliyeisoma. Ewe mfanya kazi, wajua uchungu wa kazi isiyotazamwa na mtu.

Shule nyingine zimepata kompyuta. Ipo programu iitwayo NVDA, ambayo tangu 2006 hupatikana bure, nayo husoma kwa sauti maneno yaliyo katika kioo cha kompyuta. Simu nyingi za mkononi zina programu ya kazi hiyo ndani yake tangu zinaponunuliwa. Basi shida hapa si bei ya programu. Shida ni kwamba mwalimu hajaambiwa kuwa ipo, wala hajaambiwa kwamba programu ile mara nyingi haiwezi kusoma ukurasa uliopigwa picha tu. Akipiga picha ukurasa wa kitabu na kumpelekea mwanafunzi asiyeona, huenda amempelekea kimya. Yampasa aandike maneno yenyewe, na mchoro aueleze kwa maneno. Hili hufundishwa kwa siku moja, lakini siku hiyo hapana aliyempa.

Kiti cha magurudumu nacho kina elimu yake. Kiti kisicholingana na mwili wa mtoto huweza kumpinda mgongo na kumtoboa vidonda. Na kiti kizuri hakifai kitu kama mlango wa darasa una ngazi, au choo ni chembamba hata kiti hakipiti. Mwalimu aliyefundishwa ndiye atakayeona mambo haya na kuiambia kamati ya shule ijenge njia ya mteremko kabla mtoto hajafika.

AHADI ZIMEKUWA NYINGI

Hatuwezi kusema kwamba nchi hii haikujua. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona Thika tangu 1946. Shule za viziwi za Nyang'oma na Mumias zilianza 1961. Mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, Tume ya Ominde ilishauri kwamba walimu wa shule za kawaida nao waandaliwe katika vyuo kuwafundisha watoto wenye ulemavu. Ndugu zangu, tangu 1964! Mwalimu aliyeanza kazi mwaka ule amekwisha staafu, na wengi waliokuwa wanafunzi wake wamestaafu pia.

Mwaka 1984 vituo vya kuwapima watoto na kutoa ushauri vilianza kufunguliwa kwa msaada wa Denmark. Mwaka 1986 ilianzishwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, iliyo Kasarani, Nairobi, nayo imefundisha walimu wengi, na twaishukuru. Lakini chuo kimoja hakiwezi kubeba shule za nchi nzima, na walimu wengi waliosoma huko kwa masomo ya likizo walijilipia wenyewe kutoka mshahara ule ule wa kununua unga.

Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 24 kinasema wazi kwamba serikali itaajiri walimu wajuao Breli na lugha ya ishara, pamoja na walimu ambao wenyewe wana ulemavu, na kwamba watumishi wa elimu watafundishwa kutumia njia na vyombo vinavyofaa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vyombo vya kumwondolea vizuizi, na haki ya kutumia lugha ya ishara na Breli. Mwaka 2025 ikaja Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, ikachukua mahali pa ile ya 2003.

Basi sheria tunazo. Lakini haki ya mtoto kupata chombo haimaanishi kitu kama hapana mtu wa kumwonyesha kukitumia. Haki ya mtoto na mafunzo ya mwalimu ni jicho la kulia na jicho la kushoto.

NANI ALIPE?

Hapa ndipo jambo linapoingia katika meza ya chama.

Mwaka 2021 Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC, ilitangaza mpango wa walimu wote kuendelea kusoma wakiwa kazini, na kila mwalimu akaambiwa ajilipie shilingi 6,000 kwa sehemu moja ya masomo. Walimu walinung'unika nchi nzima, na vyama vikapinga. Hatukupinga elimu. Mwalimu akatae elimu, nani basi ataipenda? Tulipinga mfanya kazi kulipia chombo cha kazi ya tajiri wake. Dereva wa basi hajinunulii basi. Mwuguzi hajinunulii dawa za wodi.

Neno hilo hilo twalisema juu ya vyombo vya kusaidia. Tusipokaa macho, kesho tutaambiwa kwamba kila mwalimu mwenye mtoto asiyeona darasani mwake ajitafutie cheti cha Breli kwa pesa yake na kwa likizo yake, na asipofanya hivyo ataandikiwa barua ya kujieleza. Tayari walimu wengine huogopa hata kufungua boksi, kwa maana wajua kwamba chombo kikivunjika wao watatafutwa. Mtu akiogopa kugusa chombo hawezi kujifunza kukitumia. Basi hofu imefanya kazi ya kufuli.

Katika mpango wa kompyuta ndogo za shule za msingi, ulioanza 2016, tuliona mambo ya namna hii. Vyombo vilikwenda mbio, mafunzo yakaenda polepole, na katika shule nyingi vyombo vilibaki vimefungiwa. Pesa za umma zililala katika makabati. Tusirudie kosa lile kwa watoto ambao hawana njia nyingine ya kusoma.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wengine husema, "Serikali haina pesa za mafunzo." Twajibu: pesa za kununua chombo zilipatikanaje? Chombo kisichotumika ndicho cha gharama kubwa kuliko vyote, maana umelipa bei yote ukapata faida sufuri. Afadhali kununua mashine nane na kufundisha walimu, kuliko kununua kumi za kupandia vumbi.

Wengine husema, "Watoto hawa wapelekwe shule zao maalum." Shule hizo twaziheshimu, na walimu wake ni wenzetu walio na ufundi mkubwa. Lakini ziko mbali na watoto wengi, nafasi ni chache, na karo ya bweni ni mzigo kwa mzazi wa kipato kidogo. Mtoto mwenye ulemavu yumo tayari katika darasa la kawaida la kijijini, umejua au hukujua. Swali si kama aje, swali ni kama atafundishwa.

Na wako wenzetu walimu wasemao, "Nina watoto sabini darasani, sikuajiriwa kwa kazi hiyo." Ndugu, wingi wa watoto twaujua, na hiyo ni vita nyingine ya chama. Lakini maneno hayo tuyachunge. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, waonekana mwepesi kwa asiyeubeba. Mtoto yule akitoka shuleni bila kusoma atakuwa mtu mzima bila kazi. Tena kila mfanya kazi ni mlemavu wa kesho: mashine yaweza kukata mkono, sukari yaweza kufifisha macho, na uzee hauna mjomba. Siku hiyo utamtaka mtu aliyefundishwa akuonyeshe jinsi ya kuendelea na kazi yako.

TUNALOTAKA

Kwa hivyo maoni yetu ni kwamba chama kiyapeleke mambo haya mbele ya mwajiri, yaandikwe katika mapatano, yasiwe maneno ya mkutano tu:

1. Pasiwe na chombo kinachonunuliwa kwa shule bila pesa za mafunzo na za matengenezo kuwekwa katika hesabu ile ile.

2. Mwajiri alipe karo, nauli na chakula cha mwalimu anayekwenda kufundishwa, na mafunzo yafanywe katika siku za kazi, wala si kwa kumnyang'anya mwalimu likizo yake.

3. Mafunzo yawe ya mikono. Hotuba ya saa mbili katika ukumbi si mafunzo. Mwalimu akishike chombo, akitumie pamoja na mtoto, na mkufunzi arudi shuleni baada ya muhula mmoja kuona kazi inavyokwenda.

4. Kila shule ifundishe walimu wasiopungua wawili, kwa maana mwalimu akihamishwa huondoka na elimu yake, na mtoto hubaki yatima wa pili.

5. Walimu wenye ulemavu wawe wa kwanza kuitwa kuwa wakufunzi, na walipwe kwa kazi hiyo. Mwalimu asiyeona ambaye amesoma Breli na kufundisha kwa kompyuta miaka mingi ana elimu isiyopatikana katika kitabu.

6. Kila kaunti iwe na fundi ajuaye kutengeneza vyombo hivi, ili mashine isikae miezi ikingoja gari la Nairobi.

7. Mwalimu asikatwe mshahara kwa chombo kilichoharibika katika matumizi halali ya darasani.

8. Mwanafunzi wa ualimu asitoke chuoni kabla hajashika vyombo hivi kwa mikono yake na kufundisha navyo mbele ya mkufunzi.

Asiseme mtu kwamba haya hayawezi kuandikwa katika mkataba kwa sababu si mshahara. Mkataba wa 2021 hadi 2025 ulipotiwa sahihi Julai 2021 haukuwa na nyongeza ya mshahara hata senti moja, na walimu walikasirika kwa haki. Lakini ulikuwa na mambo mengine, kama siku za likizo ya uzazi. Ikiwa meza ile yaweza kuzungumza siku za likizo, yaweza pia kuzungumza siku za mafunzo.

Walimu walipounda chama chao cha nchi nzima mwaka 1957, waajiri wao walikuwa wengi, kila misheni na kila halmashauri na sheria yake. Watu waliwaambia kwamba haiwezekani wote wawe chini ya mwajiri mmoja. Mwaka 1967 TSC ikaanzishwa. Haikutoka mbinguni, ilidaiwa.

KAZI YA KILA TAWI

Tusikae tukingoja ofisi kuu. Kabla ya mkutano ujao wa tawi, kila mwakilishi wa shule afanye mambo matatu. Kwanza, aende stoo na kuandika vyombo vilivyomo, ni vya namna gani, na tangu lini havijatumika. Pili, aandike ni watoto wangapi wanavihitaji, na ni walimu wangapi wajuao kuvitumia. Tatu, amletee katibu orodha hiyo kwa maandishi. Chama kikienda mbele ya mwajiri na hesabu mkononi kitasikilizwa. Kikienda na malalamiko matupu kitapewa chai na kurudishwa nyumbani.

Na wale wanaojua Breli, au lugha ya ishara, au programu za kusoma kwa sauti, twawaomba wajitaje kwa katibu. Hatuwaombi wafanye kazi ya mwajiri bure. Twataka tujue nguvu tuliyo nayo kabla hatujaenda kudai.

Ndugu zetu wa viwandani, wa reli, wa bandari na wa mashamba, nanyi mna kazi. Mkiwa wazazi, nendeni shuleni mkaulize: chombo cha mtoto wangu kiko wapi, na nani amefundishwa kukitumia? Msimwulize mwalimu kwa hasira, mwulizeni kama mwenzenu, kisha barua ya kudai iandikwe na wote wawili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Funguo za stoo zinajulikana ziko kwa nani. Tufungue, tuhesabu, tudai.

Umoja ni nguvu.

Mhariri